Kidonda Kikikauka

Mimi si mtu wa kukaa. Nashona kwa riziki, kazi ya kukaa kutwa, na bado wateja wangu hapa Lushoto mjini wananijua kwa kusimama. Nasimama kuchungulia barabara, nasimama kuongeza mkaa kwenye pasi, nasimama kwa sababu tu nimekaa mno. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa juu ya siafu. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba habari hii ya paka mgonjwa niliipitia kwa utulivu. Niliipitia wima.

Paka alikuwa wa mama. Jike wa rangi ya majivu, kifua cheupe, aliyeletwa akiwa mdogo kwa sababu panya walikuwa wamezidi darini tunakoweka mahindi. Hakupewa jina. Kwetu paka ni paka. Ukimtaka unamwita kwa midomo, akija amekuja. Baba hakumpenda wala hakumchukia, alimweka kundi moja na vyombo vya nyumbani, pamoja na jembe na ngazi. Mama alipofariki mambo yakageuka. Baba ana desturi ya kupiga hodi kwenye mlango wa jikoni anapotoka shambani, ingawa nyumba ni yake na mlango uko wazi. Alimpigia mama hodi hiyo maisha yao yote, na mama alimjibu kutoka kwenye moshi, karibu. Baada ya mazishi aliendelea kuipiga. Mimi nilikuwa nimefunga chumba changu cha mjini na kurudi kuishi naye, hivyo nikawa namjibu, lakini jibu langu halikumtosha na lilikuwa likiniuma. Alisimama palepale mlangoni na jembe begani mpaka paka atoke mvunguni mwa kiti cha mama, alie, ajisugue kwenye buti zake. Hapo ndipo aliingia.

Kwa hiyo siku paka alipoacha kutoka mvunguni, nilijua tumepatikana.

Ilianza na mtego. Jirani yetu wa upande wa bondeni alikuwa anahangaika na mafuko waliokuwa wakila viazi vyake chini kwa chini, akatega waya kwenye njia zao. Fuko hakunaswa, alinaswa paka wetu. Alirudi nyumbani kwa kujikokota, mguu wa nyuma wa kulia umechanika juu kidogo ya kifundo, na ndani ya nyama kulionekana kitu cheupe. Jirani alikuja asubuhi ile ile na kabichi mkononi, akampa baba shikamoo kwa sauti ya mtu aliyekosa, na baba akampokea vizuri kwa sababu mtego haukutegewa paka. Halafu baba akapasha maji, akayatia chumvi, akamwosha yule paka kwa subira ambayo sikuwahi kuiona kwake, na alipomaliza akaniambia nimletee rangi mbili.

Kila nyumba huku ina rangi mbili. Ni vile vidonge vya ganda, nusu rangi hii nusu rangi ile, vilivyosalia kwenye dawa ya mtu aliyepona kikohozi kabla hajamaliza dozi. Vinakaa kwenye kopo pamoja na sindano na vifungo. Mtu akijikata, hamezi. Anavunja ganda, unga unanyunyizwa juu ya kidonda, na kidonda kinakauka. Hilo ndilo neno letu. Sijui kwingine wanasemaje, lakini huku hakuna anayekuja kumtazama mgonjwa wa kidonda akauliza kama kimepona. Anauliza, kimekauka? Ukimjibu kimekauka anashukuru Mungu, anakunywa chai yake na kwenda zake.

Nalijua neno hilo kuliko ninavyotaka kulijua. Mama alikuwa na kisukari, na mwisho wake ulianzia kwenye kidonda cha mguuni, chini ya kidole kidogo, palipokwaruzwa na kiatu. Hakikukauka. Wanawake wa kwaya walikuja, wazee wa kanisa walikuja, wote na swali hilo moja, na mimi nikawa nawajibu bado kidogo. Hospitali walikisafisha na kukiacha wazi, wakakisafisha tena na kukiacha wazi. Mwishowe walisema mguu ukatwe. Mama akakataa. Alisema alikuja duniani na miguu miwili na ataondoka nayo. Watoto wote tulimwangalia baba, na baba akasema mwenye mguu amekataa, mnataka mimi nifanyeje? Tukamzika na miguu yake miwili.

Basi mtu ataelewa furaha ya baba kidonda cha paka kilipokauka upesi, na manyoya yakaanza kuota. Alinionyesha mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Jumapili, tulipotoka ibadani, nilimsikia akimweleza mzee mwenzake kwamba rangi mbili bado ni dawa, watu wasidanganyike.

Furaha ile haikukaa. Paka alianza kuchechemea tena, safari hii bila jeraha lolote la kuonekana. Alilala kutwa nzima. Nilimwekea dagaa, akawanusa na kugeuza uso. Nilipomshika masikio yalikuwa ya moto, na nilipomgusa kifundo alinipiga kucha, yeye ambaye alikuwa hana neno na mtu. Baba alisema ameteguka, akamkanda kwa maji ya moto. Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Nilimwambia baba mguu uliovimba hivi na moto hivi haujateguka. Akaniuliza tangu lini nimekuwa daktari. Kisha siku moja pale palipokauka pakatoboka tundu dogo, la kuingia njiti ya kiberiti, likatoa usaha wenye harufu. Nilikuwa naijua harufu ile. Nilikwenda kusimama kwenye migomba mpaka moyo ukatulia.

Baba akavunja rangi mbili nyingine. Tundu likakauka. Baada ya muda likatoboka pembeni yake. Akavunja nyingine.

Bwana mifugo wa eneo letu nilimpata alipopita kumwona ng'ombe wa jirani. Nilimkimbilia njiani nikiwa na futi ya kupimia shingoni.

"Ng'ombe yupi?" akaniuliza.

"Si ng'ombe. Paka."

Akacheka, si kwa ubaya. Alisema tangu aletwe huku milimani ameshatibu hata bata mzinga wa mchungaji, lakini paka bado. Hata hivyo alikuja, akamchoma sindano ya penisilini, akarudi kumchoma tena mpaka dozi ikaisha. Paka aliamka. Alikula, alinyoosha mgongo, jioni moja alitoka mvunguni baba alipopiga hodi, na baba akasimama pale mlangoni muda mrefu kuliko kawaida akimwangalia tu. Sindano zilipokwisha, mguu ukavimba upya. Bwana mifugo hakucheka tena. Alibonyeza, akanusa, akatikisa kichwa.

"Dada, shida haiko kwenye ngozi. Kila mkikifunga juu kinapasuka, maana chini kuna kitu. Naona ni mfupa. Mimi sina cha kuniwezesha kuona mfupa. Mpelekeni Tanga akapigwe eksirei."

Nilitaka kuondoka dakika ile ile. Baba alisema tusubiri gari la mboga la jirani yule wa mtego, lililokuwa linashuka Tanga siku ya gulio, na jirani akakubali haraka, kama mtu aliyekuwa anangoja kuombwa. Paka alisafiri ndani ya tenga la nyanya, mdomo wa tenga nimeushonea kitambaa cha shati, katikati ya magunia ya karoti na kabichi. Mimi niligoma kukaa mbele, nikapanda nyuma naye. Baba alikaa mbele amevaa koti lake la kanisani, lile zito, na tulipofika Mombo ambako joto linakupokea kama mlango wa tanuri, hakulivua. Hakulivua Tanga pia. Alisema haendi kwa daktari kama mtu anayekwenda kupalilia.

Daktari alikuwa binti wa mjini Tanga, mdogo kwangu sana, mwenye mikono mitulivu. Alimwamkia baba shikamoo mzee kwanza, ndipo akamgeukia paka, na kwa hilo peke yake baba akamkubali. Alimpa paka dawa ya kumlegeza, akanyoa manyoya ya mguu, akayaona yale makovu ya matundu mengi mengi. Aliuliza mlikuwa mnaweka nini. Baba akasema rangi mbili, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa sababu hakuona cha kuficha.

Picha ilipotoka, daktari aliiinua dirishani. Nilitegemea kuona mfupa umevunjika. Haukuvunjika. Ulikuwa na vijitundu na mabaka, kingo zake hazikunyooka, na pembeni kulikuwa na kipande chembamba kilichosimama peke yake.

"Umebunguliwa," baba akasema kabla daktari hajafungua mdomo. Alisema kama anavyosema mtu anayemimina mahindi kiganjani.

"Ndivyo hasa, mzee," daktari akasema. "Wadudu wa ugonjwa wameingia kwenye mfupa siku ile waya ulipochana mpaka ndani. Wanautafuna. Na hiki kipande hapa kimekufa. Damu haikifikii, na dawa inapita kwenye damu, kwa hiyo dawa haiwafikii waliojificha humo. Ndiyo maana mkichoma sindano anapata nafuu, mkiacha anarudi palepale."

Alichoma sindano ndefu hadi karibu na mfupa, akavuta usaha. Ule wa juu hakuutaka, alisema umechanganyika na mate ya paka na udongo wa kwetu. Ungepelekwa maabara, wadudu waoteshwe kama miche kitaluni, kisha wajaribiwe dawa moja moja ionekane ipi inawaua. Wakati wa kusubiri angeanza na dawa anayoiamini. Kwanza angepasua, atoe kile kipande kilichokufa, akwangue mpaka aone mfupa unaotoa damu. Baadaye ni kidonge kila siku kwa wiki nyingi, hata paka akionekana mzima, na kurudi kupigwa picha. Mimi nilikuwa nasikiliza nikizunguka meza. Aliniomba kwa upole nisimame upande mmoja.

Halafu akasema lile neno. "Jambo moja mnisikilize. Kidonda nitakiacha wazi. Mtakiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, mtafunika kwa bandeji, basi. Kinatakiwa kijae kutoka chini kuja juu. Msikikaushe. Kikikauka juu chini bado, tumerudi tulikotoka."

Nilimwangalia baba. Alikuwa anafunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Alimpasua siku ile ile, na nyumbani tulianza kazi. Paka asilambe kidonda, nilimkatia kola pana kwa kitambaa kigumu ninachoweka ndani ya kola za sare za shule, nikaishona kwa uzi maradufu, na akatembea nayo akigonga kila mguu wa kiti. Kidonge nilimpa mimi. Nilimviringisha kwenye kanga ya mama, nikamfungua taya, nikatumbukiza, nikamfunga mdomo, na baada ya hapo maji kidogo kwa bomba la sindano, maana daktari alisema kidonge kikikwama kooni kinaunguza. Alinitemea usoni. Nikarudia. Mikono yangu ilijaa michirizi, wateja wakauliza kama nimeanza kuchuma miiba. Majibu ya maabara yalikuja kwa simu, nikayapokea nimesimama kwenye kilima nyuma ya nyumba ambako mtandao unashika. Dawa tuliyoianza ndiyo ilikuwa inawaua. Niliruka pale kilimani peke yangu.

Baba kazi yake ilikuwa kumshika ninapoosha. Alimshika vizuri, lakini uso aliugeuzia ukutani. Kidonda kilikuwa chekundu, chenye maji maji, na kwa macho yangu kilikuwa kinaendelea vizuri. Nilikipiga picha kwa simu, nikamtumia daktari, naye akajibu endeleeni hivyo hivyo. Watu walikuja kumtazama, ndiyo, paka alitembelewa, maana habari ya paka aliyekwenda Tanga kupigwa eksirei ilifika mpaka sokoni. Walikuja kucheka, wakaondoka wameuliza lile swali. Kimekauka? Nilijibu hakitakiwi kukauka, wakanitazama kama nimesema mvua inyeshe kwenda juu. Baba alikuwa anakunywa chai yake haraka na kutoka.

Nilikuwa na mzigo wa sare za kumaliza, nikawa nashinda mjini siku kadhaa, narudi jioni nimechoka, baba ananiambia ameshaosha na kubadilisha bandeji yeye mchana. Nilifurahi. Nilidhani amezoea. Kisha asubuhi moja nilifungua bandeji mwenyewe na nikakuta kidonda kimefunga. Kigaga kikavu, kizuri, na kwenye manyoya pembeni vumbi la njano.

Nilipiga kelele. Mimi nina hasira za karibu, na hasira za karibu hazichagui mtu wa kumwangukia. Nilimwendea baba aliyekuwa akinoa panga kwenye jiwe la uani, nikamwuliza alisikia nini kule Tanga, masikio yake yalikuwa wapi, anataka kumuua huyu kiumbe? Nilimsemesha baba yangu kama ninavyomsemesha fundi aliyechoma kitambaa cha mteja. Hata jirani kule bondeni alisimamisha jembe.

Baba aliacha kunoa. Alinijibu kwa Kishambaa, polepole, na hakuinua uso.

"Nilisikia. Kila neno nililisikia. Lakini siwezi kukaa tena na kidonda kilicho wazi ndani ya nyumba hii, mwanangu. Siwezi. Nilipokiona kimekauka nililala usingizi."

Nilikwenda ndani, nikaloweka kile kigaga kwa maji ya vuguvugu mpaka kikaachia, na usaha ukatoka chini yake.

Tulishuka Tanga mara ya pili. Koti lilikuwa lile lile, tenga lile lile, jirani akiendesha taratibu kwenye kona kama aliyebeba mayai. Daktari aliinua picha mpya dirishani. Mfupa ulikuwa umekonda, umeliwa kuelekea goti. Alisema anaogopa utavunjika wenyewe siku yoyote paka akiruka kutoka kitini. Baba akamwuliza moja kwa moja kama ni unga wake uliofanya hivyo.

"Haukusaidia, mzee, siwezi kukudanganya. Lakini mfupa ulioharibika kiasi kile, mwingine haurudi hata ukifanya yote sawasawa. Sijui, na sitasema najua."

Nilimpenda kwa jibu hilo, na nilimwonea baba huruma.

Yalibaki mawili, akasema. Kuukata mguu kutokea juu, karibu na nyonga, ugonjwa uondoke na mguu. Au kumlaza usingizi asiamke. Kuendelea na vidonge peke yake ni kumtesa.

Nilisogea mpaka dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Nilijua baba atasema nini. Niliwahi kumsikia akilisema, siku ya mguu wa mama. Nilikuwa tayari nimeanza kupanga jinsi nitakavyorudi Lushoto na tenga tupu, na jioni ya kesho yake, hodi itakapopigwa, nani atatoka mvunguni.

Baba alikuwa ameweka kiganja juu ya paka, aliyekuwa amelala ubavu kwenye meza ya bati.

"Akikatwa, ataweza kupanda darini?"

"Ataweza. Si kama zamani, lakini ataweza. Paka hajui kujionea aibu, mzee. Akiamka anajaribu kusimama."

"Ataumwa?"

"Mwanzoni. Nitampa dawa ya maumivu. Anaumwa zaidi sasa hivi."

Baba akanigeukia mimi, si daktari.

"Mama yako alikataa mwenyewe," akasema. "Alikuwa na mdomo, akakataa. Nami nikanyamaza, kwa kuwa mwenye mguu kasema. Huyu hajakataa." Akaondoa kiganja. "Mguu ukatwe."

Nilitoka nje wakati wa upasuaji. Nilitembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, nikanunua maji nisiyoyanywa, nikatembea tena. Baba alikaa kwenye benchi la kibarazani na koti lake, jasho likimtiririka shingoni, na kila nilipopita mbele yake alisema kaa. Sikukaa. Niliona aibu kwamba natetemeka kwa ajili ya paka, kisha nikaona aibu kwa kuona aibu, maana nilijua vizuri sikuwa natetemeka kwa ajili ya paka peke yake. Daktari alipotokea mlangoni akivua glavu, baba alisimama kabla yangu.

Paka alirudi nyumbani mwepesi ndani ya tenga. Siku za kwanza alianguka upande ule kila alipogeuka, na mimi nilikuwa nyuma yake mikono imenyooshwa kama anayefunza mtoto kutembea. Kisha akaacha kuanguka. Aligundua kwamba mguu mmoja wa nyuma ukiwekwa katikati unatosha. Aliruka kwa kudunda, akakojoa anapotakiwa, akamla dagaa mpaka kichwa. Mshono ulishika. Nilimpigia daktari simu nikiwa pale kilimani, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Kimekauka?" Nilicheka mpaka akauliza kuna nini. Nikamwambia ndiyo, kimekauka, safari hii mpaka chini.

Jioni moja, ukungu ukiwa umeshaanza kushuka kutoka msituni lakini jua likiwa bado kwenye kizingiti cha jikoni, baba alitoka shambani na kupiga hodi. Nilijibu karibu. Alisimama kama kawaida yake. Paka akatoka mvunguni mwa kiti cha mama, dundu, dundu, akalia, akajisugua kwenye buti. Baba hakuingia. Alitua jembe, akakaa pale pale kizingitini, nikampa chai, naye paka akajilaza kando yake.

Sikio la kulia lilimwasha paka. Ninajua lilimwasha kwa sababu aliinamisha kichwa upande ule, akafumba macho, akanyoosha shingo kama wafanyavyo paka wote wanapotaka kujikuna kwa mguu wa nyuma. Na pale nyongani, palipobaki kinundu chenye manyoya mafupi, kikaanza kucheza. Kilikwenda mbio mbio, mbele na nyuma, kikikuna hewa. Paka alikaa vile vile, macho yamefumba, akingoja kukunwa.

Nilishika fremu ya mlango. Baba alikuwa anakitazama kile kinundu, kikombe kimesimama njiani kwenda mdomoni.

"Anaupigia mguu hodi," akasema.

Akaweka kikombe chini, kwenye udongo. Akanyoosha mkono, ule mgumu wa jembe, akaingiza kidole nyuma ya sikio lile la kulia, akaanza kumkuna, kwa mwendo ule ule wa kinundu, mbio mbio, bila kukosea mahali.

"Karibu," akamwambia. "Karibu, mama. Karibu."

Aliendelea kumkuna mpaka kinundu kikatulia. Nilikuja nikakaa upande wa pili wa kizingiti, na hatukuinuka mpaka chai ikapoa.